Nyuma ya Gunia la Unga: Mwongozo Kamili wa Kupanga Huduma Maalumu za Maafa Mtaani Nairobi

Lori la msaada liliingia uwanja wa shule saa kumi jioni. Unga na blanketi vilianza kugawiwa saa tano usiku. Kwa saa hizo zote watoto walilia njaa hatua chache kutoka kwenye chakula, na sisi tulioitwa wasimamizi tulikuwa tukibishana juu ya karatasi tatu. Moja ilitoka kwa wazee wa mtaa, moja kwa vijana, moja kanisani. Hazikupatana. Mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, alikuwa kwenye orodha mbili. Jirani yake wa mlango kwa mlango hakuwa kwenye hata moja.

Ilikuwa Aprili 2024, masika ile iliyofurisha Mto Mathare ukabeba vyumba vya mabati usiku. Tangu siku ile naamini kwamba unga ndio sehemu nyepesi ya kazi. Wakenya wakisikia maafa hutoa, na lori hufika. Ugumu uko kwenye kazi zilizo nyuma ya gunia: kuandikisha watu, kuchora ramani, kutafsiri onyo, kutibu maji, kumtafuta mtoto aliyepotea, kumhudumia aliyebakwa, kumrudishia mtu kitambulisho ili aweze kupokea pesa. Hizo ndizo huduma maalumu ninazozizungumzia hapa. Zikikosekana, msaada huwafikia wenye nguvu na wenye sauti, na wenye shida hasa hubaki pembeni.

Linaloniuma ni kwamba huduma hizi tunazo mjini. Gigiri kuna moja ya ofisi kuu nne za Umoja wa Mataifa duniani, nyingine zikiwa New York, Geneva na Vienna. Kutoka Nairobi husimamiwa misaada inayokwenda Somalia na Sudan Kusini. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za maafa kwenye ramani, ilizaliwa hapa hapa mwaka 2008 wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi, na miaka miwili baadaye ikatumika kwenye tetemeko la Haiti. Wataalamu wako umbali wa matatu moja. Kinachotakiwa ni mtu mtaani anayejua amwite nani, kwa kazi gani, na amwandalie nini kabla hajafika.

Mwongozo huu ni kwa mtu huyo: mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu mkuu ambaye shule yake hugeuka kambi, balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa vijana, kamati ya kanisa au msikiti. Nimeuandika nikifikiria mafuriko kwa sababu ndiyo hutujia mara kwa mara, ila kwa moto na majengo yanayoporomoka hatua ni zile zile.

Hatua ya kwanza: chora mtaa wako kabla ya mvua

Masika huanza Machi. Kazi hii ifanyike Januari au Februari, vichochoro vikiwa vikavu.

Hadi mwaka 2009 Kibera ilionekana kwenye ramani nyingi kama doa tupu, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi pale. Mwaka huo vijana wa Kibera walianza kutembea na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaingiza njia, vyoo, shule na zahanati kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Kazi ile iliitwa Map Kibera. Nawe unaweza kuanza kwa karatasi kubwa na kalamu za rangi.

Tembeeni watu wanne kwa kila kijiji cha mtaa, mmoja wao awe mwanamke mzee aliyekaa pale miaka mingi, kwa sababu yeye anakumbuka maji yalifika wapi mwaka gani. Wekeni alama kwenye madaraja, ngazi, nguzo za stima zilizoinama, mabomba ya maji, vyoo, milango ya shule inayofungwa kwa kufuli na jina la mwenye ufunguo. Andikeni majina ya mahali kama watu wanavyoyaita, si kama yalivyo kwenye makaratasi ya kaunti. Mtu akipiga simu usiku hatasema namba ya ploti. Atasema "huku nyuma ya posho mill."

Kisha wekeni nukta nyekundu kwa kila chumba chenye mtu asiyeweza kutoka peke yake: mzee aliyelala kitandani, mama aliyejifungua juzi, mtu wa kiti cha magurudumu, kiziwi anayeishi peke yake. Nukta hizo zisichapishwe mtandaoni. Zibaki kwenye nakala mbili, moja kwako na moja kwa mhudumu wa afya wa eneo hilo, na wenyewe wawe wamekubali kuandikwa.

Nakala ya karatasi itieni plastiki. Stima hukatika mapema kwenye mafuriko, na simu ikizima ramani ya simu haina kazi.

Hatua ya pili: wajue watoa huduma kwa sura

Kila mtu mtaani anajua 999 na 112. Ongeza hizi kwenye ukuta wa zahanati, shule na duka la wakala wa M-Pesa: 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto. Zote hupigwa bila malipo.

Namba pekee haitoshi. Nenda uonane na watu. Kwa kila huduma uliza maswali matatu: Mkiitwa usiku, nani hupokea? Mnahitaji nini kutoka kwetu ili mfike haraka? Na ni jambo gani hamlifanyi? Swali la tatu ndilo huokoa muda. Nimewahi kusubiri siku mbili nikidhani shirika fulani litaleta maji, kumbe kazi yake ilikuwa kupima maji yaliyoletwa na wengine. Hawakunidanganya. Mimi ndiye sikuuliza.

Majibu yaandike kwenye daftari moja lenye kurasa hizi: maji na usafi, afya, afya ya akili, watoto, waliodhulumiwa, watu wenye ulemavu, wakimbizi, nyaraka na sheria, pesa, usafiri na bohari. Chifu na naibu wake wapate nakala, kwa sababu serikali ikiita kikao cha dharura wao ndio watakaokaa mezani. Rudia simu zote kila baada ya miezi mitatu. Maafisa huhamishwa, na namba ya mwaka jana huenda sasa ni ya mtu asiyejua lolote.

Hatua ya tatu: onyo lieleweke na lisikike

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri mzuri. Tatizo huanzia pale unapofika mtaani ukisema "mvua ya zaidi ya milimita hamsini ndani ya saa ishirini na nne." Mtu anayelala mita kumi kutoka mtoni hajui milimita hamsini ni nini kwake. Ujumbe huo unahitaji kutafsiriwa mara mbili: kwanza uwe lugha ya mtaa, kisha uwe jambo la kutenda. Kwa mfano:

"Leo usiku mto utajaa. Maji yakifika ngazi ya tatu ya daraja, toka. Usingoje yaingie ndani. Beba watoto, dawa, simu na kitambulisho. Pitia barabara ya juu, usikanyage daraja. Shule iko wazi, maji ya kunywa yapo."

Angalia ujumbe ule unavyojengwa: nini kitatokea, dalili ya kuondoka, cha kubeba, njia, mahali pa kwenda. Ngazi ya tatu ipakwe rangi nyekundu mapema ili hata mtoto aijue.

Sasa lugha. Nairobi si Kiswahili na Sheng peke yake. Eastleigh utahitaji Kisomali na Kioromo. Kayole kuna Wakongo ambao Kiswahili chao na chetu hupishana penye maneno ya hatari. Wakimbizi wengi huogopa kukusanyika palipo na polisi, hivyo onyo lipitie kwa mtu wa jamii yao wanayemwamini. Tafuta watafsiri wako wakati wa amani, wawili kwa kila lugha, mwanamume na mwanamke. Mwanamke hatamweleza daktari aliyofanyiwa ikiwa mtafsiri ni mume wa jirani yake. Na mtoto asifanywe mtafsiri wa habari nzito za mzazi wake, hata kama ndiye pekee anayejua Kiswahili.

Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini saa nane usiku kipaza sauti cha msikiti hakimfikii kiziwi. Kijana mmoja wa mtaa wetu, kiziwi tangu utotoni, aliamka maji yakiwa kiunoni. Alituambia baadaye, kwa mikono na kwa kuandika, kwamba aliota amelala kwenye baridi. Siku hizi kila kiziwi tunayemjua ana jirani wawili wenye jukumu la kuingia na kummulika kwa tochi. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa zamu ya usiku kazini.

Hatua ya nne: andikisha watu mara moja, na vizuri

Hapa ndipo nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo misaada mingi huharibikia.

Anza na neno kaya. Ukihesabu vyumba utakosea. Ukihesabu majina kwenye stakabadhi za kodi utakosea zaidi. Kipimo kinachofanya kazi ni cha zamani: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi kinaweza kuwa na vyungu viwili, cha dada na cha kaka mwenye mke na watoto. Hizo ni kaya mbili. Mei 2024, walioishi kando ya mito walipoamriwa kuhama na kuahidiwa shilingi 10,000 kwa kila kaya, swali hili la vyungu likawa swali la fedha, na mitaa isiyokuwa na daftari safi iliingia kwenye ugomvi.

Panga meza nne, si moja. Kila meza iwe na watu wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika, na mlangoni awepo mpokeaji anayeeleza kazi inavyokwenda. Kaya moja huchukua kama dakika tano. Kaya mia mbili kwenye meza nne ni kaya hamsini kila meza, yaani saa nne na dakika kumi. Waambie watu hivyo tangu mwanzo. Foleni inayojua itaisha lini haigombani.

Andika mambo haya tu: jina la kitambulisho na jina analojulikana nalo mtaani, idadi ya watu kwa umri, hasa walio chini ya miaka mitano na wazee, alikokuwa akilala usiku wa maafa, namba ya simu na jina la aliyesajili laini hiyo, mahitaji ya pekee kama dawa za kila siku, ujauzito au ulemavu. Kabila na dini havihusiki. Usiviulize, na ukiona fomu ya shirika inaviuliza, hoji.

Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wawe na meza yao. Shosho mmoja alisimama kwenye foleni yetu tangu asubuhi, akifika mezani akanong'ona, "Mwanangu, mimi sijui kusoma, utaniandika kweli?" Alikuwa ameshaandikwa na watu wawili siku mbili zilizopita na hakupata chochote. Tangu hapo kila aliyeandikwa hupewa kadi ngumu yenye namba na muhuri, na namba hiyo hiyo huandikwa daftarini mbele yake. Kadi mkononi humpa nguvu ya kuuliza.

Ugawaji ukianza, bandikeni ukutani namba, si majina. Na orodha isirushwe kamwe kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu, lakini hata bila sheria, fikiria mama aliyemkimbia mume anayempiga, akajihifadhi kambini, kisha jina lake na la shule alikolala likasambaa kwenye simu mia tatu. Nimeona mume akifika getini namna hiyo.

Jioni, kaa na wenye orodha nyingine zote. Somea kila mtu namba za kaya kijiji kwa kijiji, mkiangalia ramani ya hatua ya kwanza. Kijiji kilichokuwa na milango sitini na sasa kina kaya kumi na mbili daftarini kina watu ambao hawajafika. Tuma mtu akawatafute usiku huo huo. Huenda wako juu ya paa, huenda wako kwa ndugu, huenda hawajui kwamba kuna kambi.

Hatua ya tano: kituo cha kujihifadhi, kwa hesabu

Mashirika ya misaada hutumia viwango vya chini vinavyoitwa Sphere. Vijue, maana ukiongea na mtaalamu kwa viwango hivi atakusikiliza tofauti.

Maji ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na kuoga. Watu 600 wanahitaji lita 9,000, yaani karibu bauza zima la lita 10,000 kila siku. Bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250, kwa hiyo matatu. Choo kimoja ni kwa watu 20. Siku za mwanzo kabisa 50 huvumilika. Shule yenye vyoo kumi na viwili basi inaweza kupokea watu 600 kwa siku chache tu, na ombi la vyoo vya kubebeka litoke siku ya kwanza, lisingoje harufu. Vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume, vifungwe kwa ndani, na njia yake iwe na taa. Nafasi ya kulala ni mita za mraba 3.5 kwa mtu: darasa la mita saba kwa nane lichukue watu 16, si 50.

Nafahamu kwamba usiku wa kwanza hutafukuza mtu kwa sababu darasa limefika 16. Hesabu ni ya kesho yake asubuhi, ili ujue unaomba nini na uweze kusema: tuna watu mia mbili zaidi ya uwezo, tufungulieni jengo jingine.

Maji ya kisima au ya bauza usilolijua yatibiwe kwa klorini. Kama yana tope, yatulie na yachujwe kwanza, kwa sababu tope hula dawa. Baada ya nusu saa pima: klorini inayobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Vifaa vya kupimia ni vidogo na afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo anavijua. Mwombe akufundishe mapema. Mtu akianza kuharisha maji maji, mchanganyiko wa kumrudishia maji mwilini uwe tayari anywe huku akipelekwa zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kipindupindu huua kwa saa, si kwa siku.

Jambo moja ambalo wafadhili wengi wenye nia njema hukasirika nikilisema: msipokee maziwa ya kopo ya watoto wachanga na kuyagawa ovyo. Maji yakiwa machafu na chupa hazichemshwi, mtoto aliyekuwa akinyonya huachishwa na kuugua. Mpeni mama chakula, maji na pembe tulivu ya kunyonyeshea. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa mtaalamu wa lishe, ambaye ataamua.

Bohari sitaizungumzia sana. Kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, kadi ya kila bidhaa inayoonyesha kilichoingia na kilichotoka, kinachoharibika mapema kitoke kwanza. Malori hayaingii vichochoroni, kwa hiyo patana bei na watu wa mikokoteni na boda boda kabla ya mvua. Usiku wa maafa bei hupanda.

Hatua ya sita: majeraha yasiyoonekana

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia hufundishwa kwa siku moja, na kiini chake ni maneno matatu ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka, nani amekaa pembeni haongei, nani hana viatu. Sikiliza bila kumlazimisha asimulie. Muunganishe na anachokihitaji, kiwe blanketi, simu ya kumpigia ndugu au daktari.

Usimwambie "jikaze" wala "wengine wamepoteza zaidi." Na usiwakusanye watu kwenye duara kila mmoja aeleze alivyoona maiti. Zamani ilidhaniwa husaidia. Sasa inajulikana kwamba kulazimisha hivyo kunaweza kudhuru. Wengi hupata nafuu wakishakuwa salama na watu wao. Asiyelala wiki kadhaa, anayezungumzia kujiua, au mzazi asiyeweza tena kumshika mtoto wake, huyo anahitaji mtaalamu. Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, iko jirani yetu kabisa, pale Thika Road, lakini jina lake huogopesha. Msindikize mtu, usimpe karatasi tu. Mkipitia mlangoni pamoja, hofu hupungua.

Kutafutana ni huduma yake yenyewe. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, familia zilikusanyika Uwanja wa Nyayo hapa Nairobi huku miili ikiwa chumba cha maiti cha Chiromo. Palihitajika meza za taarifa, washauri nasaha, magari, watu wa kumshika mkono mzazi anayeingia kutambua mwanawe. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuunganisha jamaa waliotengana. Kituo chako kiwe na meza moja ya kazi hiyo tangu saa ya kwanza, yenye madaftari mawili: wanaotafutwa na waliopatikana.

Mtoto aliyepatikana peke yake: andika mahali, saa na nguo alizovaa kabla hujamhamisha. Usitangaze maelezo yake yote kwenye kipaza sauti. Tangaza kwamba kuna mtoto wa kiume wa karibu miaka minne, basi. Anayekuja kumdai ndiye aeleze alama za mwilini, jina la utani, wimbo anaoupenda. Mtazame mtoto anavyompokea. Ukiwa na shaka, asitoke; piga 116 na umwite afisa wa watoto.

Sasa ukatili wa kijinsia, ambao huongezeka watu wakilala wamechanganyika gizani. Saa ndizo muhimu. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Hospitali kwanza, polisi baadaye: matibabu hayangoji P3, fomu ya polisi ya kuandika majeraha. Kituo cha Gender Violence Recovery Centre cha Nairobi Women's Hospital kimekuwapo tangu 2001, na hospitali za serikali nazo hutoa huduma hii. Wewe kazi yako ni kumwamini, kumpatia usafiri na mwanamke wa kumsindikiza, na kunyamaza. Usimsimulie hata mkeo.

Hatua ya saba: kitambulisho, laini, pesa, kwa mfuatano huo

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa imekuwa msaada unaofika haraka na wenye heshima. Maduka yakiwa wazi, familia inajua kuliko sisi kama inahitaji unga, karo au mabati. Lakini tazama mnyororo wake. Pesa inatumwa kwenye laini. Laini imezama pamoja na simu. Kurudisha laini kunataka kitambulisho. Kitambulisho kimekwenda na maji. Kupata kingine huenda kukataka abstrakti, karatasi ya polisi ya kuthibitisha kwamba kimepotea. Na hata mwenye simu akifika kwa wakala bila kitambulisho, hatolewi pesa.

Basi anza na nyaraka siku ya pili, kabla hujaomba mtu pesa. Mwombe mkuu wa kituo cha polisi atume askari mmoja kambini na kitabu cha matukio, aandike waliopoteza nyaraka pale pale badala ya watu mia mbili kumfuata. Omba maafisa wa usajili wa watu wafike vile vile. Mwanasheria wa kujitolea akae meza ya karibu, kwa sababu wapangaji watauliza kuhusu amana zao kwa wenye nyumba na wazazi kuhusu vyeti vya kuzaliwa.

Kwa wanaosubiri, kila kaya imteue mtu wa kupokea kwa niaba yake, mbele ya mashahidi wawili, iandikwe daftarini na wote watie sahihi au dole gumba. Mwanamke aulizwe faraghani kama anataka pesa ya kaya ipitie simu ya mume. Wahadaa nao huja na maafa, kwa hiyo tangazeni kila asubuhi: hakuna shirika litakalokupigia kuomba namba yako ya siri.

Hatua ya nane: malalamiko na wanaojitolea

Weka meza chini ya mti, mbali na bohari, yenye mtu asiyehusika na ugawaji. Bango lake liseme: msaada haulipiwi, si kwa pesa, si kwa mwili. Kila lalamiko lipate namba na jibu ndani ya siku mbili, hata jibu likiwa "hatuwezi." Masanduku ya maoni nimeyaona yakijaa vumbi. Watu wetu husema kwa mdomo, wanataka kumwona anayewasikia.

Wanaojitolea nao wameathirika. Wengi ni wa mtaa huo huo na vyumba vyao vimeloa. Zamu isizidi saa nane. Wale chakula kile kile wanachokula wengine, hadharani, ili pasiwe na fununu. Aliyebeba maiti asirudi zamu kesho yake.

Zoezi la Jumamosi ya mwisho wa Februari

Mwaka mzima wa maandalizi hupimwa asubuhi moja. Sisi hutangaza mapema, ili mtu asidhani ni maafa kweli. Saa tatu filimbi inalia. Vijana wanawamulika viziwi, wanabeba mzee mmoja aliyekubali kubebwa kwa machela kutoka mtoni hadi shuleni, na tunahesabu dakika. Meza nne zinafunguliwa, kaya ishirini zinaandikwa na kupewa kadi. Mtu mmoja anapiga namba zote za daftari na kusoma zilizopokewa. Mwingine anaenda kwa mwenye ufunguo wa shule bila kumwarifu.

Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hili, mwenye ufunguo alikuwa amesafiri ushago na hakuna aliyekuwa na nakala. Sasa funguo ni tatu: moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mhudumu wa afya, na moja inaning'inia kwenye msumari ndani ya duka la wakala wa M-Pesa lililo karibu na geti, ambalo hufungwa la mwisho usiku.